Watu wa Mawe

Nilipojiunga na Chama cha Kiswahili nikiwa kidato cha kwanza, katibu wa wakati huo alinipa karatasi nijaze. Palikuwa na mahali pa jina, mahali pa bweni, na mwisho mahali pa kuandika lugha ninazozijua. Nikaandika Kiswahili, Kiingereza na Kibukusu. Ya nne nikaimeza. Hakuna aliyenishuku, maana jina langu ni la upande wa baba na baba yangu ni mtu wa Bungoma. Lakini mama ni Mturkana, na mpaka nilipofika darasa la tatu nililelewa na nyanya yangu nje kidogo ya mji wa Lodwar. Nilichunga mbuzi wake mchana na usiku nikalala nje juu ya ngozi nikihesabu nyota, kama mtoto yeyote wa huko.

Kwa nini niliificha? Wewe unayesoma shule hii sababu unaijua. Askari wetu wa lango alikuwa Mturkana, na kila jioni baada ya maakuli hapakukosa jamaa bwenini wa kusimama juu ya sanduku na kumwigiza: "We mutoto, wewe natoka wapi saa hii?" Bweni zima huvunjika mbavu. Nami nilicheka. Tena nilicheka kuwashinda wengine, nisije nikaonekana nimenyamaza.

Basi mwaka wa 2023 mwalimu mlezi alipotangaza kwamba ziara ya mwaka ya chama itakuwa Turkana, wenzangu walishangilia kama waliofunga bao. Mimi moyo ulinipiga paa! Nilifikiri kusingizia malaria, lakini pesa za ziara mama alikuwa ameshazilipa. Isitoshe, nilitaka kwenda. Nilitaka sana, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Safari ya kutoka Kitale sitaieleza kwa kirefu. Tulipita Kapenguria, tukateremka Marich, tukapita Kainuk na Lokichar, na kila tulipoteremka joto lilizidi mpaka sweta zote zikaishia mkobani. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne na walimu wawili, wa Kiswahili na wa Jiografia. Usiku tulilala Lodwar katika madarasa ya shule iliyotukaribisha. Mwalimu alituambia kwamba mjini humo ndimo Jomo Kenyatta alimozuiliwa na wakoloni kuanzia mwaka wa 1959, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung. Mwenzangu mmoja akasema joto peke yake ni kifungo tosha. Mimi nililala kifudifudi nikinusa vumbi la Lodwar. Harufu ile haikuwa imebadilika hata kidogo.

Saa kumi na moja alfajiri tuliamshwa. Nje ya lango alikuwa ametungoja mzee mmoja, kiongozi wetu wa siku hiyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, kajitanda shuka, miguuni kavaa akala za gurudumu la gari, na kichwani ana kofia yenye unyoya wa mbuni. Mkononi alibeba fimbo na kile kigoda kidogo cha Waturkana ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Kinaitwa ekicholong. Nyanya alikuwa nacho, na ole wako ukikikalia bila ruhusa.

"Habari yenu, watoto," mzee akasema. "Mimi naonyesha nyinyi hii inchi yetu leo. Nyinyi nasikia mimi vizuri?"

Nyuma yangu nikasikia mtu akikohoa kicheko. Nilimjua bila kugeuka. Alikuwa rafiki yangu tunayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mimi chini. Tumembandika jina la Kamusi, kwa kuwa hapitwi na kosa la ngeli hata awe usingizini. Sisemi haya kwa ubaya. Kamusi ndiye aliyenifundisha ushairi, na akipata mkate hula nusu. Lakini kwa habari ya ngeli hana huruma.

Tukashika njia ya Kalokol, kaskazini mashariki, safari isiyofika kilomita sabini. Kulipopambazuka tukaanza kuiona nchi yenyewe. Wale ambao hawajafika wakisikia jangwa hufikiria mchanga mtupu. La, huko ni mawe. Mawe meusi yametapakaa bondeni hadi vilimani kana kwamba jitu lilimwaga gunia la makaa likaenda zake. Hapa na pale pana mkoma umesimama peke yake, na kando ya makorongo makavu kuna vichaka vya mathenge, ule mti wenye miiba ambao mbuzi wakizidi kula maganda yake huoza meno. Mwalimu wa Jiografia alisimama katikati ya basi akishika kiti kwa mkono mmoja. Akatueleza kwamba tumo ndani ya Bonde la Ufa, ambapo ardhi ya Afrika imekuwa ikivutwa huku na huku kwa mamilioni ya miaka. Inapopasuka, uji wa moto hupanda kutoka chini, ukamwagika na kuganda. Mawe tunayoyaona ni uji huo. Mengi yanaitwa basalti.

"Na ukipoa taratibu," akasema, "hunywea. Ukinywea hupasuka kama matope ya bwawa lililokauka, lakini nyufa zinakwenda chini kabisa. Ndipo mnapata nguzo zenye pande tano au sita, kama zilizochongwa na fundi. Fundi mwenyewe ni baridi."

Mara mzee akagonga kioo cha dereva kwa fimbo. Basi likasimama. Tulikuwa bado hatujafika Kalokol, na kando tu ya barabara, mahali ambapo ungepita usitambue kitu, palikuwa na nguzo za mawe.

Nimesoma kwamba ni 19. Sikuzihesabu. Zimesimama pamoja katika kiwanja kidogo, baadhi zimenyooka, baadhi zimeinama huku na huku kama wazee waliosimama mkutanoni wakachoka kumsikiliza chifu. Zote ni za basalti. Jua lilikuwa limeanza kuchomoza, na kila nguzo ilikuwa imetupa kivuli kirefu sana juu ya changarawe. Juu ya nguzo nyingi palikuwa na vijiwe vidogo vimepangwa.

Mzee akaketi juu ya kigoda chake. Akaanza:

"Nyinyi watoto, sikia. Hii mawe si mawe. Hii ni watu. Jina yake ni Namoratunga. Hiyo ni kusema watu ya mawe."

"Haya mawe," Kamusi akanong'ona. "Watu wa mawe. Mungu wangu, nipe subira." Kicheko kikapita mstarini kama kishada cha moto kwenye nyasi. Mwalimu mlezi akatukazia macho, kikazimika, kikabaki na moshi wake.

Hadithi aliyosimulia mzee naijua tangu nikiwa na meno ya maziwa. Hapo zamani watu walikuwa wakicheza ngoma mahali hapo. Wakiwa katikati ya kuruka, akatokea mgeni wasiyemjua. Mgeni akaingia uwanjani naye akacheza. Alicheza kwa namna yake, si kama wao. Walikuwa wameonywa wasimcheke. Wakajizuia, wakajizuia, mmoja akashindwa. Alipocheka yeye wakacheka wote. Na mgeni yule hakuwa mtu bali pepo. Walivyokuwa wamesimama, ndivyo walivyoganda.

Nyanya alikuwa akifika hapo kwenye kicheko ananyamaza, anatuangalia mmoja mmoja. Mzee naye akanyamaza vivyo hivyo. Ninyi wasomaji mwaiona aibu iliyokuwa pale. Watu kumi na wanne tunasikiliza habari ya waliogeuzwa mawe kwa kumcheka mgeni alivyocheza, na tumefunika midomo kwa sababu ya namna anavyosema anayeisimulia. Sina hakika kama mwingine aliliona hilo. Mimi nililiona, na nilikuwa nimefunika mdomo pia.

Kisha mwalimu mlezi akatoa daftari lake. Yeye si mtu wa kwenda mahali bila kusoma kwanza. Akatuambia kwamba mwaka wa 1978 wataalamu wawili kutoka Marekani, Lynch na Robbins, waliandika kuwa nguzo hizi zilipangwa kufuata nyota fulani, na kwamba watu wa kale wa lugha za Kikushi walizitumia kujua miezi, kama miaka 300 kabla ya Kristo. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima. Baadaye wengine wakaja na vipimo vyao wakasema la, mpangilio huo hauaminiki, kwani mawe yenyewe yana usumaku unaoivuruga dira. Na uchimbaji wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mahali hapa ni pa zamani kuliko ilivyodhaniwa, zaidi ya miaka 4000.

Tena si hapa tu. Kuzunguka ziwa kuna mahali kadhaa pa namna hii. Kwenye kilima cha Lothagam, kusini mwa hapa, wachunguzi walichimba wakakuta makaburi. Mwaka wa 2018 walitangaza kwamba chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi walizikwa watu wasiopungua 580, kuanzia miaka 5000 iliyopita, wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, wote na shanga zao za mawe ya rangi. Hakuna aliyetengwa kuwa mkubwa. Walikuwa wafugaji wa kwanza kufika nchi hii na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wakati huo mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma mwaka hata mwaka, na bado waliacha kuchunga wakaenda kubeba nguzo za mawe, baadhi kutoka karibu kilomita nzima, wakaja kuzisimamisha juu ya wafu wao.

Mzee alikuwa amesikiliza yote, kidevu juu ya fimbo. Mwalimu alipofunga daftari akauliza, "Mwalimu, hiyo watu ya kitabu. Walijua jina ya hawa?"

"Hapana, mzee wangu. Hawakujua majina yao."

"Mimi pia hapana jua," akasema, akainuka. Akaanza kueleza kwamba anayepita hapo haendi hivi hivi bila kuwasalimia wenyewe.

Sasa hapo ndipo nilipojikwaa. Kabla hajamaliza kueleza tunasalimia vipi, mimi nilikuwa nimeshainama, nimeokota kijiwe, nimekiweka juu ya nguzo iliyokuwa karibu yangu na kuishika kidogo kwa kiganja. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, maana kila nilipopita hapo na nyanya ndivyo tulivyofanya. Nilipogeuka, mzee alikuwa akiniangalia. Akanijia, akaniuliza polepole kwa Kiturkana mimi ni mtoto wa nani.

Kamusi alikuwa hatua mbili kutoka pale. "Samahani, mzee," nikasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula. "Lugha hiyo siielewi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu akaenda zake. Waliosoma Biblia watamkumbuka Petro uani kwa kuhani. Bahati yangu pale hapakuwa na jogoo.

Kalokol tulifika jua limepanda. Harufu ya samaki waliokaushwa ilitupokea kabla hatujaona nyumba. Tukapita karibu na kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambacho kazi hiyo haikudumu. Mzee akakinyooshea fimbo, akatazama tulikotoka upande wa zile nguzo, akatazama tena kiwanda. Hakusema neno. Mwalimu wa Jiografia alicheka peke yake mpaka machozi.

Ufuoni mzee alituonyesha miti iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji. Ziwa lilipopanda mwaka wa 2020, alisema, liliwahamisha watu wengi. Kumbe ziwa hili haliishi kwenda na kurudi. Waturkana huliita Anam Ka'alakol. Mzungu aitwaye Teleki alipolifikia mwaka wa 1888 akalibatiza jina la mwana wa mfalme wa kwao, Rudolf, na jina hilo likakaa kwenye ramani hadi mwaka wa 1975 lilipoitwa Turkana. Ndilo ziwa kubwa la jangwani kuliko yote duniani, na sehemu kubwa kabisa ya maji yake, kama asilimia 90, huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Ukinywa unaonja magadi. Kamusi alionja, akatema.

Tukavishwa majaketi ya kuokolea maisha, tukaingia mashua mbili zenye injini. Upepo wa asubuhi ulikuwa bado na ukali. Kwa zaidi ya saa moja tulipanda na kushuka juu ya maji ya rangi ya kijani, wengine wakiimba mapambio, wengine wakitapika kimya kimya. Mzee alikaa mbele ya mashua yetu akiongea na nahodha kwa Kiturkana habari za bei ya samaki na za binti yake anayeolewa. Nilisikia kila neno. Ni ajabu kusikia lugha uliyoiacha ukiwa na miaka minane. Nyanya alifariki nikiwa darasa la sita, na nyumbani mama huongea nasi Kiswahili ili baba asiachwe nje. Nilikuwa kama mtu aliyefungua sanduku akakuta nguo zake za utotoni zimekunjwa vizuri, lakini hazimtoshi.

Kisiwa cha Kati ni mlima wa moto uliochomoza kutoka majini. Si mkubwa, eneo lake lote ni kama kilomita mraba 5, lakini kina makasoko mengi na matatu kati yake yana maziwa ndani, kila moja na jina lake: la mamba, la heroe na la ngege. Kimekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1983, na mamba huja hapo kutaga. Ufuo wake ni mchanga mweusi, unachoma kupitia soli ya kiatu. Askari wa wanyamapori akatuandikisha, akatuonya tusikaribie maji, na tukaanza kupanda.

Tulipofika juu sote tulinyamaza. Chini yetu kulikuwa na duara la maji ya kijani kibichi, kuta zake zimeteremka wima, nyekundu, nyeusi na manjano. Ukigeuka unaona ziwa kuu la buluu. Upande mmoja moshi mweupe ulikuwa ukitoka katika nyufa, wenye harufu ya kiberiti kama yai viza. Mwalimu wa Jiografia akasema huo si moshi bali mvuke na gesi, na kwamba volkeno hii haijafa, imelala tu.

"Hii mulima iko na homa," mzee akasema.

"Mlima huu una homa," Kamusi akamsahihisha, safari hii kwa sauti, akatuangalia tumcheke mzee. Na tulicheka.

Niliudhika, si kidogo. Kwanza kwa sababu aliyosema mzee ilikuwa tamathali ambayo Kamusi mwenyewe angeitoa jasho mwezi mzima. Pili, nilitamani kumwuliza Kamusi angefika wapi na Kiturkana, chenye e- ya kiume, a- ya kike na i- ya vitu vidogo. Ekile ni mwanamume, aberu ni mwanamke, ikoku ni mtoto. Umkosee mtu kiambishi kimoja tu, umemgeuza jinsia! Lakini nilimwuliza? Wapi. Nilicheka.

Tukafuata njia nyembamba ukingoni mwa kasoko. Kamusi alikuwa mbele, anataka kuwa wa kwanza kuona mamba. Mzee alikuwa nyuma akimsaidia mwalimu mlezi, ambaye kwa umri wake alikuwa ameanza kuhema. Ghafla mzee akapiga kelele kwa Kiturkana. Nadhani mtu akishtuka lugha ya kuazima humkimbia, inabaki ile ya ziwani kwa mama. Alisema simama, hapo pameoza.

Nilisikia. Nilielewa kabla sauti haijakatika. Wenzangu wote waligeuka nyuma kumtazama mzee anapiga kelele gani, wengine wameanza kutabasamu. Kamusi hakugeuka hata kugeuka. Nami nilifungua mdomo, nikaufunga. Msomaji, sikuwa nimeduwaa. Nilikuwa nikifikiri. Nilifikiri hivi: nikilitafsiri, wote watajua. Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi mara moja, labda mbili. Kisha nikapaza sauti, "Kamusi, simama!" na wakati huohuo ukingo ukammomonyokea.

Aliteleza upande wa ndani pamoja na changarawe na majivu, kwa tumbo, mikono imenyooshwa. Aliteleza kama urefu wa kitanda viwili au vitatu, akazuiwa na jiwe kubwa jeusi. Chini ya jiwe hilo ukuta ulikuwa umekatika. Hakuna aliyepumua. Mzee alitupita mbio, mzee wa umri ule, akalala chini, akamtupia ncha ya shuka yake. Mimi na mwalimu wa Jiografia tukamshika mzee miguu. Tukamvuta Kamusi polepole, polepole, mpaka mkono wake ukafika. Goti lake lote lilikuwa limechunika na damu inamtiririka hadi kwenye soksi, lakini mfupa ulikuwa mzima.

Alipokwisha kufungwa bendeji na kunyweshwa maji, akaniangalia. "Ulijuaje?"

"Niliona changarawe zikianza kumwagika," nikasema.

Mzee alikuwa anakung'uta majivu kwenye kofia yake. Akainua macho, akaniangalia, akaendelea kukung'uta.

Tuliona mamba, ndiyo, wamelala ufuoni kama magogo, na heroe wachache kwa mbali. Wengine walipiga picha. Siwezi kuwaambia zaidi kuhusu hayo, sikuwa na macho. Kurudi, upepo ulikuwa umetulia na ziwa limelala laini. Hakuna aliyeimba. Mzee alikaa mbele na kigoda chake, na Kamusi akaenda akakaa karibu naye, goti limenyooshwa. Sikusikia alichomwambia. Niliona mzee akimpigapiga bega.

Nyumbani kwa mzee ni karibu na zile nguzo, kwa hiyo jioni basi lilisimama palepale tuliposimama asubuhi. Vivuli sasa vilikuwa vimelala upande wa pili. Mwalimu mlezi akamshukuru kwa mkono, mzee akateremka. Alikuwa na mtungi wa plastiki wa maji na furushi la samaki alilopewa Kalokol. Nikasema nitamsaidia kubeba hadi ng'ambo ya barabara.

Tulipofika kwenye nguzo niliuweka mtungi chini. Ulimi ulikuwa mzito kama uliomeza gundi. Nikamsalimia, "Ejoka, apa." Kisha nikamwambia kwa Kiturkana mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia mama na nyanya, na mahali mbuzi wetu walipokuwa wakinywa maji. Nikamwambia kwamba asubuhi nilidanganya, na kwamba kule juu nilimsikia.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka. Msomaji, alicheka! Alicheka hadi akakiteremsha kigoda akakikalia, akashika mbavu, tumbako ikamtoka mdomoni. Nilisimama pale kama nguzo ya 20. Alipoweza kusema, akaniambia neno, akanipa mkono, akachukua mtungi na samaki wake, akaenda zake bila kutazama nyuma.

Ndani ya basi vichwa vyote vilikuwa madirishani.

"Alikuwa anacheka nini?" wakauliza. "Amekwambia nini?"

"Amesema naongea kama mtoto wa miaka minane," nikajibu. "Na nyanya yangu alimjua. Amesema alikuwa mwanamke mkali."

Kukawa kimya, kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, na maswali yakaanza kunivamia kutoka kila kiti, mama yako ni wa wapi, mbona hukusema, sema kitu tusikie. Kamusi hakucheka. Alinitengea nafasi kando yake, nikaketi. Basi lilienda kama kilomita kumi kabla hajafungua mdomo.

"Kwa hiyo kule juu ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Kabla sijaanguka?"

"Kabla."

Akaiangalia bendeji yake. Nje giza lilikuwa limeingia, na nyota za Turkana zilikuwa zimetoka zote kwa pamoja, vile zinavyotoka huko. Sikuomba msamaha wakati ule, maana sikujua nianzie wapi. Niliomba baadaye, tumesharudi shuleni. Taa za Lodwar zilipoonekana mbele, Kamusi akasema:

"Hilo neno alilopiga kelele. Lilikuwa lipi?"

Nikamtamkia polepole. Akalirudia. Alikosea mwanzo wake, alikosea na mwisho wake. Akarudia tena, akakosea vilevile, akaniangalia usoni.

Sikucheka. Nikamtamkia mara ya pili.